Kutoka Khondowe hadi Dzaleka: Jinsi Chuo cha Kanisa Kinavyoshuka

Mwanzoni mwa karne ya 20, kijana wa Nyasaland, Malawi ya leo, aliyetaka kusoma kupita kiwango cha shule ya kijijini alielekeza macho Khondowe, juu ya mlima unaolitazama Ziwa Nyasa kutoka magharibi. Huko ndiko kilikokuwa Chuo cha Overtoun cha misheni ya Livingstonia. Hata vijana wa ng'ambo ya mpaka, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walikuja kusoma huko. Miaka 40 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Shule ya kwanza ya sekondari ya nchi ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, ilifunguliwa Blantyre. Chuo Kikuu cha Malawi kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1965, kilianzia Blantyre pia. Chuo kilichovitangulia vingine vyote kilibaki nyuma bila kuungua moto, bila kuvamiwa, wala kufungwa kwa amri ya mtu yeyote.

Yafaa tujiulize ilikuwaje, na swali hili si la wanahistoria peke yao. Kilomita 45 hivi kaskazini ya Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Watu zaidi ya 50,000 wanaishi hapo, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kimekuwa lugha yao ya kuelewana. Hapo pia Wakristo walianzisha elimu ya juu, safari hii Wajesuiti, mwaka 2010. Anayetaka kujua elimu hiyo itafika wapi hana budi kuangalia yaliyoipata Livingstonia, kwa sababu dalili zilizoonekana juu ya mlima ule zinaonekana tena leo katika uwanda wa Dowa.

Hoja ya makala haya ni moja. Chuo cha kanisa huanza kushuka siku wenye chuo wanapopunguza kipimo cha mtu wanayemfundisha, wanapoamini kwamba mwanafunzi wao anatosheka na elimu ndogo kuliko ile ambayo wangewapa watoto wao wenyewe. Fedha kupungua, majengo kuchakaa na walimu kuondoka ni mambo yanayofuata baadaye.

Kilichojengwa Khondowe

Misheni ya Livingstonia ilianzishwa na Kanisa Huru la Scotland mwaka 1875, huko Cape Maclear, kusini mwa ziwa. Malaria iliwaua wengi, na mwaka 1881 kituo kikahamia Bandawe, katika nchi ya Watonga. Mwaka 1894 Dk. Robert Laws, tabibu na mchungaji kutoka Aberdeen, alikipandisha Khondowe, kwenye hewa baridi. Chuo kilipewa jina la Lord Overtoun, mwenye viwanda wa Scotland aliyekifadhili.

Laws alikuwa na kielelezo mbele yake, nacho ni chuo cha Lovedale cha Afrika Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1841. Baadhi ya Waafrika wa kwanza waliofanya kazi ya misheni huko ziwani walitoka Lovedale, akiwemo William Koyi, Mxhosa aliyefika mwaka 1876 na kusaidia kufungua njia ya kuelewana na Wangoni. Kwa hiyo tangu mwanzo Livingstonia ilisimama juu ya mabega ya Waafrika waliosoma, jambo ambalo wakuu wake wa baadaye walilisahau.

Khondowe ilifundisha ualimu, teolojia, hisabati, historia na falsafa. Ilifundisha pia useremala, ujenzi, uchapaji, telegrafu, uhasibu na utabibu wa wasaidizi. Kiwanda chake cha uchapaji kilitoa jarida la Aurora kuanzia mwaka 1897 hadi 1902. Maji ya mto yalizalisha umeme wakati miji mingi ya Afrika ya Kati ilikuwa bado inatumia taa za mafuta. Laws alitaka mahali hapo pawe chuo kikuu, na wazo hilo hakuliacha hadi uzeeni.

Ukubwa wa chuo huonekana kwa watu waliotoka humo. Clements Kadalie, aliyehitimu ualimu, alikwenda Afrika Kusini na mwaka 1919 akaanzisha jijini Cape Town chama cha wafanyakazi cha ICU, ambacho kilikuja kuwa vuguvugu kubwa kuliko yote ya wafanyakazi Waafrika katika nchi ile. Levi Mumba alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wenyeji cha North Nyasa mwaka 1912. Mwaka 1930 alichapisha katika jarida la kimataifa la umisheni makala ya kuitetea dini ya mababu zake, na mwaka 1944 akawa rais wa kwanza wa Nyasaland African Congress. David Kaunda alitumwa kueneza elimu na injili kwa Wabemba wa Chinsali, na huko ndiko alikozaliwa mwanawe Kenneth, rais wa kwanza wa Zambia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipoondolewa Tanganyika, Livingstonia ndiyo iliyoiangalia kwa miaka kadhaa misheni ya Wamoravian ya Rungwe. Ni vigumu kupata shule nyingine ya wakati ule, katika eneo lote hilo, iliyogusa nchi nyingi kiasi hicho.

Nyufa za kwanza zilikuwa ndani

Watu wengi huanza hadithi ya kushuka kwa Overtoun mwaka 1927, Laws alipoondoka baada ya miaka 52 ya utumishi. Lakini nyufa zilikuwepo tangu zamani, na ya kwanza ilihusu nafasi ya Mwafrika aliyekwisha kusoma.

Charles Domingo ndiye mfano ulio wazi. Alitoka Msumbiji akiwa mtoto, akaletwa na William Koyi, akalelewa na misheni, akasoma Overtoun akiwa wa kwanza kabisa kumaliza masomo yake ya juu, kisha akasoma teolojia. Alifaulu kila alichopewa. Hata hivyo, miaka ilipita bila kuwekewa mikono ya uchungaji. Aliambiwa angoje, ajaribiwe, aonyeshe tabia. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne aliondoka, akafungua shule zake huru katika nchi ya Wangoni, na mwaka 1911 akaandika shutuma kali juu ya serikali, misheni na makampuni, akiviona vyote vitatu kuwa kitu kimoja kilichomlalia Mwafrika. Wachungaji Waafrika wa kwanza wa Livingstonia, Yesaya Zerenji Mwasi, Hezekiah Tweya na Jonathan Chirwa, waliwekewa mikono mwaka 1914. Misheni ilikuwa na umri wa miaka 39.

Ufa wa pili ulihusu ada. Chuo kilipoanza kudai malipo, wanafunzi maskini walikereka. Elliot Kamwana, kijana wa Kitonga mwenye akili nyingi, aliondoka mwaka 1901. Mwaka 1908 alirudi kwao akihubiri mafundisho ya vuguvugu la kidini la Watch Tower, na moja ya mambo yaliyowavuta maelfu ya watu kwake ni ahadi ya elimu isiyouzwa. Serikali ilimfukuza nchini mwaka 1909.

Baadaye Mwasi mwenyewe alijitenga mwaka 1933 na kuandika sababu zake. Charles Chinula, mchungaji na mwalimu hodari, naye alianzisha kanisa lake mwaka 1934. Wote hawa walikuwa zao la Overtoun. Chuo kilifundisha watu kufikiri, kisha kanisa likakosa ujasiri wa kukaa nao meza moja. Hasara haikuwa ya kanisa tu, maana kila aliyeondoka alikuwa mwalimu ambaye angeweza kuwa mkuu wa idara, mwandishi wa vitabu vya kiada, au mkuu wa chuo. Laws alipostaafu, hapakuwa na Mwafrika aliyeandaliwa kushika nafasi yake, ingawa watu wenye uwezo huo walikuwepo nchini.

Elimu iliyopunguzwa kwa jina la kufaa

Ufa wa tatu ulitoka nje. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki na Kati na kufika Nyasaland. Alikuwemo mwanachuoni maarufu wa Gold Coast, James Aggrey. Ushauri wa tume ulikuwa kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake, yaani kilimo, afya, usafi wa nyumba na kazi za mikono za kijijini. Mwaka 1926 Nyasaland ikapata idara ya elimu, na kabla muongo haujaisha kituo cha Jeanes cha kuwafunza walimu wa vijijini kilikuwa kimefunguliwa Domasi, karibu na Zomba.

Ushauri huo ulikuwa na upande mzuri. Vijiji vilihitaji walimu waliojua udongo na maji, na misheni nyingi zilikuwa zikitoa elimu ya kukariri. Tatizo ni matumizi yake. Serikali ya kikoloni iliona nafuu kuwa na mkulima hodari kuliko mwanasheria hodari, na makanisa ya Ulaya, yaliyokuwa yakibanwa na fedha, yaliona nafuu kuendesha kozi fupi kuliko kulisha idara kamili. W. P. Young, aliyemrithi Laws, aligeuza uso wa Khondowe kuelekea vijijini, na ndoto ya chuo kikuu ikawekwa kando. Hakuna aliyetangaza kwamba Waafrika hawastahili chuo kikuu. Walisema tu kwamba wakati wake haujafika, na wakati huo ukachukua zaidi ya miaka 70: Chuo Kikuu cha Livingstonia kilianzishwa na Sinodi ya Kanisa la Kipresbiteri la Afrika ya Kati (CCAP) mwaka 2003.

Fedha zilikuwa na sehemu yake. Overtoun ilitegemea wafanyabiashara wachache wa Glasgow na kanisa la mbali. Lord Overtoun alifariki mwaka 1908. Vita vya 1914 hadi 1918 vikafuata, kisha miaka migumu ya uchumi wa dunia. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na chuo kilichojengwa kwa mfuko wa watu watatu au wanne kikabaki bila ngao walipoondoka.

Jambo la mwisho ni ajira. Kaskazini ya Nyasaland haikuwa na viwanda wala ofisi za kuwachukua wahitimu. Makarani, mafundi na walimu wa Livingstonia walikwenda Rhodesia na Afrika Kusini, ambako walipewa kazi nzuri na dharau ya rangi kwa wakati mmoja. Eneo lililosomesha watu wengi likawa eneo la kusafirisha watu. Mzazi aliyeona mtoto wake amesoma kisha akapotelea migodini alianza kujiuliza kama ada ilikuwa na maana.

Mwanafunzi aliyekataliwa na gereza lililokuja kuwa kambi

Kati ya Khondowe na Dzaleka yupo mtu mmoja anayeziunganisha. Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi, alisoma katika shule za misheni ya Livingstonia wilayani Kasungu. Karibu na mwaka 1915 alitolewa katika chumba cha mtihani akishukiwa kudanganya, alipojinyoosha aweze kusoma maswali yaliyokuwa mbele. Mlango wa Overtoun ukafungwa kwake, akaenda zake kusini, kisha Marekani na Edinburgh, na akarudi daktari. Mwaka 1981 alifungua Kamuzu Academy huko Mtunthama, shule ya wachache waliochaguliwa, ambako Kilatini na Kigiriki vilifundishwa. Yumkini alitaka kuwapa watoto wa Malawi kile alichoamini kuwa yeye alinyimwa.

Lakini serikali ya Banda huyohuyo ndiyo iliyowafungia wapinzani wake Dzaleka, mahali palipojulikana kwa mateso. Mwaka 1994, mwaka alioshindwa katika uchaguzi, gereza hilo likageuzwa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu wapatao 10,000. Sasa ina zaidi ya mara tano ya idadi hiyo.

Darasa la Dzaleka

Wajesuiti walikuja na urithi mrefu. Chuo chao cha kwanza cha vijana kilifunguliwa Messina, Italia, mwaka 1548, na mtaala wao wa mwaka 1599 ulisisitiza lugha, ufasaha na falsafa kabla ya taaluma ya kazi. Pedro Arrupe alianzisha huduma yao kwa wakimbizi, JRS, mwaka 1980. Mwaka 2010 walijaribu jambo ambalo wengi waliliona anasa: kuwapa wakimbizi elimu ya chuo kikuu katika kambi zenyewe, wakianza na Kakuma nchini Kenya, Aleppo nchini Syria na Dzaleka. Stashahada ya masomo ya jumla ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani, na wahadhiri wa kujitolea walifundisha kwa intaneti. Kundi la kwanza la Dzaleka lilihitimu mwaka 2013.

Maisha ya kitaaluma ya hapo yana sura yake. Mtu aliyesoma Uvira au Bukavu kwa Kifaransa anaandika insha kwa Kiingereza, anaijadili na wenzake kwa Kiswahili, na kununua unga sokoni kwa Chichewa. Mnyarwanda, Mrundi na Mkongomani, ambao nchi zao zimeumizana, wanakaa darasa moja wakisoma maadili na historia. Elimu ya jumla hapo ina kazi nzito: inampa mtu aliyehesabiwa kwa kadi ya mgao nafasi ya kuhesabiwa kwa hoja zake. Kwa sababu hiyo naamini kuwa uamuzi wa mwaka 2010, wa kuanza na masomo kamili ya chuo, ulikuwa uamuzi wa haki. Ulifanya kile ambacho tume ya 1924 ilikataa kufanya.

Hata hivyo, dalili za Khondowe zipo. Mfuko ni wa mbali. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilisitisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa likalazimika kupunguza maelfu ya wafanyakazi duniani. Mgao wa chakula wa Dzaleka ulikuwa umepunguzwa hata kabla ya hapo. Mwanafunzi mwenye njaa hasomi, na tovuti ya chuo cha ng'ambo haiwezi kumpikia.

Ajira nayo imefungwa kwa sheria. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilitamka kwamba haifungwi na baadhi ya vifungu, vikiwemo vya ajira, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Kwa miaka mingi utekelezaji ulikuwa legevu, na wakimbizi walifungua maduka Lilongwe na kwingineko. Mwezi Machi 2023 serikali iliamuru wote warudi kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakamata na kufunga maduka yao. Matokeo kwa chuo ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mhitimu wa Livingstonia wa mwaka 1915 aliweza angalau kutembea hadi Johannesburg. Mhitimu wa Dzaleka anahitaji kibali hata kufika Lilongwe, safari ya saa moja hivi kwa gari.

Hapo ndipo wazo la elimu inayofaa linaporudi, likiwa limevaa nguo mpya. Kwa kuwa wakimbizi hawaruhusiwi kuajiriwa, husemwa kwamba wapewe kozi fupi za ufundi na za kompyuta, zinazoleta kipato haraka. Kozi hizo zinahitajika, na wapo waliopata riziki kwa kuuza ujuzi wao mtandaoni. Laws naye alifundisha useremala. Lakini alifundisha useremala na falsafa katika uwanja mmoja, na chuo kilianza kushuka pale iliposemwa kwamba kimoja kinamtosha Mwafrika bila kingine. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limejiwekea lengo la kuwafikisha vijana wakimbizi walio katika elimu ya juu asilimia 15 ifikapo mwaka 2030. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa takriban asilimia 7. Lengo hilo halitafikiwa kwa vyeti vya wiki sita.

Nini kifanyike

Kwanza, kanisa liwape wahitimu chuo chenyewe. Dzaleka sasa ina watu waliomaliza stashahada na shahada, na wengi wanafundisha shule za kambini. Hao ndio wanaopaswa kuwa wahadhiri na waratibu, wenye mamlaka ya kuamua mtaala, badala ya kubaki wasaidizi wa wageni. Livingstonia ilimchelewesha Domingo ikampoteza.

Pili, vyuo vya kanisa vilivyo Malawi vifungue milango. Chuo Kikuu cha Livingstonia kipo. Chuo Kikuu cha Nkhoma na African Bible College viko karibu na Lilongwe au ndani yake. Shahada inayotolewa na jirani haikatiki kwa uamuzi wa Washington, na Mmalawi na Mkongomani wanaosoma pamoja watajuana kwa namna ambayo hotuba za ujirani mwema haziwezi kuwaletea.

Tatu, serikali ya Malawi iangalie upya masharti ya ajira kwa wakimbizi wenye sifa, hasa walimu na wauguzi, ambao nchi yenyewe ina upungufu wao. Taifa hili linajua vizuri uchungu wa kusomesha watu kisha kuwaona wakitumiwa na nchi nyingine. Kuwasomesha watu na kuwazuia wasitumike popote ni hasara kubwa zaidi.

Nne, kumbukumbu zitunzwe. Tunazijua habari za Overtoun kwa sababu Waskoti waliandika barua na kuzihifadhi, na nyumba ya mawe ya Laws imekuwa makumbusho. Insha, tasnifu na orodha za wahitimu wa Dzaleka zimekaa katika kompyuta zinazochakaa na seva za ng'ambo. Zisipokusanywa sasa, historia ya chuo hicho itaandikwa kutokana na ripoti za wafadhili, na sauti za wanafunzi wenyewe hazitakuwemo.

Overtoun ilishushwa na maamuzi ya watu wema walioamini kwamba kidogo kinatosha. Waliokalia viti vya watu hao leo, maaskofu, sinodi, Wajesuiti na maofisa wa serikali, wanaijua historia hii au wanaweza kuisoma. Wakiikata elimu ya Dzaleka ikabaki kozi fupi na picha za mahafali, wasije wakasema baadaye kwamba hawakuonywa.